Miaka Yangu ya Kukalia Mikono

Siku yangu ya kwanza kazini nilikemewa kwa sababu ya kikombe cha chai ambacho hata sikukionja.

Nilikuwa nimefika mapema, nimevaa sketi mpya na viatu vinavyobana, nikapanda ngazi hadi orofa ya nne ya jengo moja katikati ya jiji la Nairobi kwa kuwa lifti ilikuwa imegoma. Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Sikuwa mgeni katika taaluma yenyewe. Nilikuwa nimefanya kazi hospitalini miaka mingi katika tiba ya shughuli, ile ambayo sisi wenyewe tuliifupisha tukaiita oti, kwa herufi za jina lake la Kiingereza. Vijana wengi bado hawaijui, kwa hivyo nieleze kidogo. Daktari akishamaliza kutibu mkono, mgonjwa hurudi nyumbani na swali moja: sasa nitavaaje shati? Hapo ndipo sisi huingia. Tunamsaidia mtu aliyezaliwa na ulemavu, au aliyeangushwa na ugonjwa, aweze kuoga, kuvaa, kula na kwenda msalani mwenyewe. Vitabu vyetu viliyaita mambo hayo stadi za kujitunza.

Kazi hii mpya ilikuwa ya kuwafunza walezi kutoka vijijini, yaani akina mama, nyanya na shangazi wanaokaa na watoto hao nyumbani. Mradi wetu ulikuwa mdogo, unaolipiwa na wafadhili wa ng'ambo. Walezi waliletwa Nairobi kwa makundi pamoja na watoto wao, wakafunzwa wiki tatu, kisha wakarudi kwao kuendelea. Ndivyo barua ya kazi ilivyosema, na mimi nikaona ni kazi nyepesi kama nini.

Mkuu wa Kitengo alikuwa mama mnene mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa uzi. Hakuniuliza habari za safari wala za nyumbani. Alivua skafu yake, akajifunga nayo mkono wa kulia ubavuni, akaniambia niketi nitazame. Kisha akaanza kutengeneza chai kwa mkono wa kushoto peke yake. Aliibana chupa ya chai kwa magoti akawa anazungusha kifuniko, kinateleza, anaanza upya. Sukari ikamwagika mezani. Nikainuka.

"Kaa chini," akasema.

"Madam, nilitaka tu nikushikie hapo..."

"Nimekuomba? Kalia mikono."

Nilidhani ananitania. Akasimama pale na kijiko hewani mpaka nikaelewa kwamba anamaanisha vile vile alivyosema. Nikaingiza viganja chini ya mapaja nikavikalia. Sitasahau dakika zile. Vidole viliniwasha, mabega yalinipanda hadi masikioni, na kila sukari ilipomwagika nilijiona mimi ndiye nimekosa adabu. Mwishowe chai ikapatikana. Akainywa yote yeye mwenyewe, polepole, huku akinitazama.

"Wangari," akasema, "hii kazi yote ni hiyo. Zile certificate zako weka kwa drawer. Siku utaweza kukaa hivyo dakika kumi bila kujikuna, utakuwa umeiva."

Hakujua alikuwa amemshika nani. Mimi ni mtu wa haraka, tena haraka ya kurithi. Nilizaliwa Waithaka, pembeni mwa Nairobi, katika nyumba ambayo mtoto akichelewa kufunga kamba za viatu alifungiwa na yeyote aliyekuwa karibu, akasukumwa mlangoni. Kwetu kumfanyia mtu jambo upesi ndiyo ilikuwa njia ya kumwonyesha kuwa unampenda. Kumbe nilikuwa nimeajiriwa kuwafunza watu wasifanye kitu ambacho mimi mwenyewe nilikifanya tangu utotoni.

Baada ya mwezi nilitumwa Kitisuru. Mradi ulikuwa umepewa nyumba ya wageni nyuma ya jumba moja kubwa, mahali penye miti mirefu na ua wa michongoma uliokatwa ukanyooka. Ndani yake wafadhili walitengeneza chumba cha mafunzo kilichonifanya nione haya mara ya kwanza kukiingia. Kilikuwa na vigae vyeupe ukutani na sakafuni, bafu la manyunyu, vyuma vya kujishikilia na kioo kikubwa. Aliyesimamia pale aliitwa Msimamizi wa Mafunzo, bwana mmoja mwembamba wa tai na fomu. Alikuwa na fomu ya kila kitu. Ukipiga chafya karibu naye, ulihisi kuna mahali anaweka alama.

Katika kundi la kwanza ndipo nilipokutana na Kukhu. Kukhu ni nyanya kwa Kibukusu, na sote tulimwita hivyo hadi Msimamizi akasahau jina lake la kwenye fomu. Alikuwa ametoka kijiji kimoja upande wa Bungoma na mjukuu wake Nafula, msichana wa miaka kumi na mmoja. Nafula alizaliwa na mtindio wa ubongo. Akili yake ilikuwa timamu na macho yake yalikuwa ya utundu, lakini mkono wa kulia ulikuwa umekaza, umekunjika kifuani, na maneno yalimtoka moja moja kwa shida. Mama yake alikuwa amefariki zamani. Kukhu ndiye aliyemwogesha, aliyemvalisha na aliyemlisha siku zote za maisha yake.

Siku ya kwanza sisi humwuliza kila mlezi anataka nini. Wengi husema wanataka mtoto apone. Kukhu hakusema hivyo.

"Daktari," akaniambia, ijapokuwa mimi si daktari, "mimi macho yangu yameanza kuingia giza. Kuna shule hapa upande wa Dagoretti iko na bweni, ya watoto kama huyu. Nimeambiwa wanachukua mwezi wa kwanza. Lakini mtoto lazima ajivalishe, ajilishe, aende choo bila kushikwa. Sasa uniambie. Mimi nikienda, nani atamvalisha?"

Nilimwambia tutajaribu. Ndani yangu nilihesabu miezi iliyobaki hadi Januari, nikaona ni michache.

Tukaanza masomo kwenye vigae. Somo la kuoga ndilo lililonifumbua macho. Asubuhi niliwakuta walezi wote wamevua viatu wamevipanga mlangoni, wanatembea kwa ncha za vidole. Nilipomwambia mmoja afungue maji, alifungua kidogo sana, akakinga kwa kiganja yasianguke chini. Mwingine alisimama tayari na kitambaa kupangusa kila tone. Tulimaliza somo la kuoga la saa nzima na sakafu ikabaki kavu kabisa. Kila mtu alipata alama za juu, kwa sababu fomu iliuliza kama mlezi amefuata hatua. Walizifuata zote. Waliogopa tu kulowesha.

"Kukhu, kwani nyumbani mnaogaje?" nikamwuliza.

"Kwa karai, nyuma ya jikoni, maji yanaenda kwa ndizi," akasema. "Hapa maji yakimwagika yanaenda kwa nani?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa Msimamizi wa Mafunzo nikamwambia tuhame. Nilimwambia tutafute ukumbi wa kanisa kule kwetu Waithaka, ambako wakati huo kulikuwa bado na mashamba ya nyasi za napier, ng'ombe na vyoo vya shimo, tufundishe kwa karai na kigoda.

"Madam Wangari, hiyo haiwezekani," akasema. "Donors wametoa pesa ya hizi tiles. Wakikuja visit watapata nini? Karai?"

"Bwana Msimamizi, angalia miguu yako."

Akaangalia. Alikuwa amevaa soksi tupu. Viatu vyake vilikuwa mlangoni pamoja na vya wale wengine, na nadhani hakujua alivivua saa ngapi. Akakunja fomu aliyokuwa nayo mkononi. Jumatatu iliyofuata tulikuwa Waithaka.

Kule mambo yakachangamka. Maji yalimwagika kama yanavyopaswa kumwagika. Tulikata tyubu kuukuu za baiskeli tukazizungusha kwenye mipini ya vijiko na miswaki, ili mkono usio na nguvu ushike kitu kinene kisichoteleza. Kiti cha plastiki tulikitoboa katikati tukakiweka juu ya choo cha shimo. Walezi walinifundisha pia. Nilikuwa nimejitahidi sana na kijiko cha Nafula mpaka Kukhu akaniambia kwao anayekula ugali kwa kijiko ni mgonjwa au mzungu. Tukaacha kijiko, tukafunza kumega na kubonyeza kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa na wasiwasi kuhusu mkono huo, maana najua wazee wanavyousema. Kukhu alifikiri kidogo akaamua kwamba Mungu alimpa Nafula mmoja unaofanya kazi, na huo ndio wa kulia kwake. Baada ya wiki mbili Nafula alikuwa anakula mwenyewe, na choo alikiweza.

Kuvaa ndiko kulikobaki. Kanuni ya kwanza ya kumvalisha mtu mwenye mkono dhaifu ni rahisi kukariri: mkono dhaifu huingia kwanza na hutoka mwisho. Nafula aliishika kwa siku mbili. Taabu ilikuwa sweta ya shule, yenye vifungo vitano. Hapo tulitumia mbinu ninayoipenda kuliko zote katika taaluma yetu, ya kuanzia mwisho. Mlezi anafunga vifungo vinne kuanzia shingoni, anamwachia mtoto kile cha chini kabisa, ambacho anakiona kwa macho yake. Mtoto akikifunga, kazi imekwisha na yeye ndiye aliyeimaliza. Akishakizoea, unamwachia viwili, kisha vitatu. Kila siku anamaliza kwa ushindi.

Wiki tatu zilipokwisha, Nafula alikuwa na kifungo kimoja. Wenzao wakarudi vijijini. Kukhu alibaki Waithaka kwa mwanawe, fundi wa mjengo aliyekodi vyumba viwili kwenye ploti karibu na stendi, ili wangoje Januari. Vyeti vyao vilitolewa, na mimi nikapangiwa kuwatembelea nyumbani mara moja kwa wiki.

Ziara ya kwanza nilifika saa nne kama tulivyoagana. Nafula alikuwa ameketi kwenye kochi lenye vitambaa vya kusokotwa, ameoga, amevalishwa gauni la Krismasi, amepakwa mafuta hadi magoti yanang'aa. Sweta ilikuwa imefungwa vifungo vyote vitano. Mezani palikuwa na chai, mandazi na njugu.

"Karibu, daktari! Tulikuwa tunakungoja."

"Kukhu, nilikuja nimwone akivaa."

"Si amevaa?" akasema, kwa furaha kabisa.

Wiki iliyofuata nilikwenda saa mbili. Kukhu alikuwa ameamka mapema zaidi. Wiki ya tatu nikaamua kuwa mjanja, nikaenda bila kusema, saa moja asubuhi. Nilipobisha nilisikia, "Ngoja kidogo!" Halafu maji yakasukwasukwa, karai likaburutwa, Nafula akalalamika, na mlango ulipofunguliwa baada ya muda mrefu alikuwa kwenye kochi lile lile, amenyooka, anang'aa.

Nilikasirika. Nakiri. Nilimwambia kwa sauti ambayo haifai kwa mtu wa umri wake kwamba anamharibu mtoto, kwamba Januari haimngoji mtu.

Kukhu aliweka chupa ya chai mezani taratibu.

"Sasa wewe utoke kwa kazi yako," akasema, "uje mpaka hapa kwangu, ukute mjukuu wangu nusu uchi anapigana na sweta? Kwetu hiyo ni kukutukana. Watu watasema nilikupokeaje?"

Nilirudi nyumbani nikijiona mdogo. Mama huyu alikuwa ananiheshimu kwa njia anayoijua, tena kwa gharama ya usingizi wake, na mimi nimempigia kelele. Nilikaa jikoni kwangu nikafikiri mpaka chai ikapoa. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nakwenda pale na mkoba, na kalamu, na saa ya miadi. Nilikuwa nakwenda kama mgeni, na mgeni hawezi kuonyeshwa mtoto ambaye hajavaa.

Kesho yake nilivaa gambuti za shambani na leso, nikabeba ungo na maharagwe mabichi ya kumenya, nikatembea dakika kumi hadi kwenye ile ploti. Sikubisha mlango wa mbele. Nilizunguka nyuma, nikageuza karai, nikaliketi, nikaanza kumenya.

Kukhu akachungulia. "Na wewe unafanya nini?"

"Namenya maharagwe. Kwangu nimechoka kukaa peke yangu."

"Ngoja nikutolee kiti."

"Sitaki kiti. Leta mikono."

Alinitazama, akaangalia gambuti zangu zenye matope, akaanza kucheka. Akaketi kwenye kigoda, akavuta ungo kwake. Tukamenya na kusengenya. Alinieleza ya kijijini kwao, nikamweleza ya Msimamizi na soksi zake. Baada ya muda Nafula akatoka na kamisi, sweta mkononi, nywele hazijachanwa, na hapakuwa na mtu wa kumkimbilia kwa sababu hapakuwa na mgeni. Kukhu alinyoosha mkono kumsaidia, akakuta umejaa maganda. Akaurudisha.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi hadi Disemba. Nilimwambia habari za Mkuu wa Kitengo na chai yake, na Kukhu akaipenda sana. Siku ambazo maharagwe yalikwisha kabla ya vifungo, tuliketi wawili sambamba tumekalia mikono, na Nafula alitucheka alipotuona. Alifika vifungo viwili, vitatu, vinne. Cha tano, kile cha shingoni, kilimkataa. Kiko chini ya kidevu, macho hayakioni, na vidole vya mkono mmoja vinapaswa kukitafuta gizani. Mwaka mpya uliingia na hakuwa amekifunga hata mara moja.

Siku ya mtihani wa kumpokea Nafula nilitangulia shuleni. Mwalimu Mkuu wa kitengo cha watoto wenye ulemavu alikuwa mama wa makamo, mkali kidogo, mwenye fomu mbele yake na matroni pembeni. Nilipowaona Kukhu na Nafula wakiingia, nilijua tumeharibikiwa. Nafula alikuwa anang'aa. Gauni limepigwa pasi, nywele zimesukwa, na sweta imefungwa vifungo vyote vitano.

"Karibuni," Mwalimu Mkuu akasema. Akamtazama Nafula, akatazama fomu. "Amependeza sana. Nani amemvalisha?"

Kukhu angeweza kudanganya. Mwalimu hangejua, na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani adanganye.

"Ni mimi," akasema Kukhu. "Nilijua tunakuja mbele ya wakubwa. Nikashindwa kumleta ovyo ovyo."

"Hiyo ndiyo shida, nyanya. Hapa tuko na matroni mmoja na watoto wengi. Nikimchukua mtoto ambaye hajivalishi..." Akainua kalamu.

Nilifungua kinywa nieleze. Nafula alinitangulia. Alisema, kwa ile sauti yake ya kusukuma, "Ngo... ja." Kisha akaanza kufungua vifungo. Cha kwanza, cha pili, vyote vitano, akatoa mkono wa kushoto, akatoa wa kulia mwisho kama anavyotakiwa, akaiacha sweta ianguke mapajani. Akatutazama sote mmoja mmoja. Halafu akaanza kuvaa.

Sijui ilichukua muda gani. Mkono dhaifu uliingia kwanza, ukakwama kwenye kiwiko, akauvuta. Alianza na kifungo cha chini. Nilikuwa nimemfundisha kutoka juu kushuka, lakini yeye alipanga yake. Kimoja. Cha pili kiliponyoka mara tatu. Jasho lilimtoka Nafula juu ya mdomo. Alipofika cha tatu, Mwalimu Mkuu, ambaye kumbe alikuwa na moyo mzuri, hakuweza kuvumilia. Aliinama mbele, mkono umenyooka kumshikia ncha ya sweta.

"Mwalimu!" Kukhu akasema kwa ukali, na nilipogeuka nilimwona ameketi wima kwenye benchi, viganja vyote viwili chini ya mapaja. "Kalia mikono."

Matroni aliziba mdomo. Mwalimu Mkuu alibadilika uso, akamtazama Kukhu, akanitazama mimi, nami nilikuwa nimekalia yangu. Naye akaikalia yake polepole. Tuliketi pale wanawake wazima kwenye mstari mmoja, mikono chini ya makalio, tunamtazama msichana wa miaka kumi na mmoja.

Cha tatu kikaingia. Cha nne kikaingia. Nafula akainua mkono hadi shingoni, kwa kile cha tano. Alikitafuta. Alikipata, kikamponyoka. Akakitafuta tena, kidevu kimeinuka, macho yanatazama dari. Nilisikia Kukhu akipumua kando yangu. Mara ya nne Nafula aliteremsha mkono, akakaa kidogo akifikiri, akasema:

"Hapa... kuna joto."

Na akakiacha wazi.

Mwalimu Mkuu alijitazama kifuani. Naye alikuwa amevaa sweta ya vifungo, na cha juu kabisa kilikuwa wazi. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Ata mimi yangu huwa sifungi," akasema. Akachomoa mkono wake, akashika kalamu, akaandika ndiyo. Kukhu hakucheka. Alilia, na aliendelea kukalia mikono, kwa hivyo machozi yalishuka hadi kwenye shingo yake na hakuna aliyempangusa.

Baada ya hapo nilipandishwa cheo nikawa Mratibu, nikapelekwa ofisi mpya ya Westlands, juu kabisa, ambako ukichungulia dirishani uliona magari yamekwama pande zote. Sina mengi ya kuisifu. Niliandika ripoti, nikahudhuria mikutano ya biskuti, na walezi nikawaona Ijumaa tu, nikitoroka. Niliandika mwongozo wa mafunzo kwa Kiswahili, na ukurasa wake wa kwanza ulikuwa juu ya maharagwe. Mkurugenzi wa Mradi aliniita akaniuliza kama ukurasa huo umeingia kwa makosa. Nilimwambia akiutoa, autoe pamoja na mimi. Alikuwa mtu wa kusikiliza, aliubakisha.

Nilistaafu nikatulia Waithaka, ambako sikuwahi kuhama. Mashamba ya napier yamekuwa fleti sasa. Wataalamu vijana wanakuja kuniuliza siri ya kazi, na wengi wana elimu kunishinda. Ninawaambia wajifunze hatua zote, wazijue hata usingizini, halafu wajifunze kunyamaza. Ninawaambia wamheshimu mlezi, kwa maana yeye huwa kazini hata wao wakienda likizo. Ninawaambia wasiende kwa watu kama wageni. Wanaandika yote hayo kwenye simu zao, na wakiondoka wananibebea vikombe hadi jikoni kabla sijainuka.

Kukhu alifariki Nafula akiwa darasa la mwisho. Nilimwona hospitalini siku chache kabla. Macho yalikuwa yamezima kabisa. Aliniuliza mjukuu wake amevaa nini leo, nikamwambia, sweta ya kijani na viatu vya mikanda, amejichagulia mwenyewe na havilingani. Alifurahi mno.

Nafula sasa ni mwanamke mzima. Anauza miche ya sukuma na maua hapa kando ya barabara, ana chumba chake cha kupanga, na bado maneno yanamtoka moja moja, hasa akinidai nimwachie kiti chenye jua. Mwaka uliopita kiharusi kidogo kilinigusa. Hakikunipeleka mbali, ila kiliuacha mkono wangu wa kulia ukiwa mzito. Asubuhi moja Nafula alinitembelea, akanikuta sebuleni nahangaika na sweta yangu. Binti yangu Njeri, ambaye amerithi haraka yangu yote, aliruka kutoka jikoni na mikono yenye povu.

"Mama, si ungeniita! Leta nikufunge, unateseka bure."

Nafula hakuinuka alipokuwa ameketi.

"Njeri," akasema. "Kalia... mikono."

Njeri alimtazama, akanitazama, akaketi. Wakawa wawili kwenye kochi langu, wamekalia mikono, wananikodolea macho, na ndipo nilipojua baada ya miaka yote hiyo kwamba aliyeketi kwenye kochi ndiye mwenye kazi nyepesi. Nilianza na cha chini. Kiliniponyoka, kikaingia. Cha pili, cha tatu. Kwa cha nne nilitukana kidogo kwa Kikuyu. Kisha nikainua mkono hadi shingoni nikakitafuta cha tano, nikakitafuta tena, kidevu juu, macho darini.

"Hapa kuna joto," nikasema.

Ilikuwa mwezi wa Julai, na ukungu ulikuwa umefunika Waithaka nzima hadi huoni geti.

"Kweli," Nafula akasema. "Joto... sana."